Maganda ya mathenge: Lishe ya kiangazi au mwisho wa meno ya mbuzi?

Mwaka 2006, wafugaji wa jamii ya Ilchamus kutoka Baringo walifika mahakamani jijini Nairobi wakiwa na shahidi asiye wa kawaida. Alikuwa mbuzi asiye na meno. Walikuwa wameishtaki serikali kwa kuwaletea mti wa mathenge, na mbuzi huyo kibogoyo ndiye aliyekuwa ushahidi wao kwamba matunda ya mti huo huharibu mifugo.

Kisa hicho kiliwachekesha wengi mijini. Kwa mfugaji hakikuwa na kichekesho chochote. Mbuzi asiyeweza kutafuna hufa njaa hata kama malisho yamejaa, na kabla ya kufa huwa ameshapoteza bei yake sokoni.

Lakini kuna upande wa pili. Maganda hayo hayo yanayolaaniwa Baringo husagwa na kulishwa mifugo kaskazini mashariki mwa Brazil na katika jimbo la Gujarat nchini India. Nchini Ethiopia, katika eneo la Afar, vyama vya ushirika vya wafugaji vilianza kuyasaga katika miaka ya 2000 kwa msaada wa shirika la Farm Africa. Hapa Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) imekuwa ikiwafunza wakazi wa Marigat na kwingineko kuyaokota na kuyasaga.

Je, mfugaji amsikilize nani? Jibu ni kwamba pande zote mbili zina ukweli. Maganda ya mathenge ni chakula kizuri cha mbuzi, kondoo na ng'ombe, mradi yasagwe na yasizidi sehemu moja kwa tano ya chakula chote anachokula mnyama. Yakiliwa mazima, kila siku, na bila kitu kingine, huleta hasara ambayo haina dawa.

MTI ULIOLETWA KWA NIA NJEMA

Mathenge, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, si mti wa asili wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kati, Amerika Kusini na visiwa vya Karibi. Kumbukumbu za mwanzo za mti huu nchini Kenya ni za mwaka 1973, wakati mbegu kutoka Brazil na Hawaii zilipotumiwa kurudisha miti katika machimbo ya mawe ya Bamburi, karibu na Mombasa. Mapema katika miaka ya 1980 mti huo ukapelekwa Baringo kupitia mradi wa miti ya kuni uliosaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO).

Nia ilikuwa kupata kuni na vigingi, kuzuia udongo usipeperushwe na upepo, na pia kupata chakula cha mifugo wakati wa ukame. Hilo la mwisho wengi wamelisahau. Maganda yalikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, ila hakuna aliyewaambia wafugaji jinsi ya kuyatumia.

Mti wenyewe haukukaa pale ulipopandwa. Leo umefunika mabonde, kingo za mito na malisho katika Baringo, Turkana, Garissa, Tana River na Taita Taveta, na upande wa Tanzania umeonekana katika mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza rasmi kuwa gugu hatari.

Waliousambaza zaidi ni mifugo wenyewe. Ganda la mathenge lina utamu ambao mbuzi hawezi kuupita. Mbegu zilizomo ndani zimefungwa kwenye kifuko kigumu, na nyingi kati yake hupita tumboni bila kuvunjika. Zinatoka na kinyesi, zikiwa zimelainishwa ngozi ya juu na kuwekewa mbolea tayari, na kusubiri mvua. Ng'ombe hupitisha mbegu nzima nyingi kuliko mbuzi kwa sababu hutafuna kwa haraka. Mafuriko nayo huzibeba zilizobaki.

Ndiyo maana boma la zamani lililohamwa huota mathenge kabla ya kuota nyasi.

KILICHOMO NDANI YA GANDA

Ganda lililoiva huwa la manjano, lina urefu wa kiganja au zaidi, na hufanana na la kunde lililonenepa. Nyama yake ina sukari nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wa ganda kavu. Ganda zima lina protini ya takriban asilimia 12, ilhali punje ya mahindi ina asilimia nane au tisa. Mbegu peke yake ina protini ya asilimia 30 na zaidi.

Hapa ndipo hasara ya kwanza inapopatikana, nayo haionekani kwa macho. Protini iliyo nyingi zaidi imo ndani ya mbegu, na mbegu hupita nzima. Mbuzi anayekula maganda yaliyoanguka chini ya mti hupata sukari, kisha sehemu kubwa ya protini huitupa malishoni na kugeuka mche wa mathenge msimu unaofuata.

Majani ya mti huu hayana manufaa kama hayo. Ni machungu, na mifugo huyakwepa isipokuwa njaa imewazidi. Maganda mabichi ya kijani nayo ni machungu na hayana sukari ya kutosha. Mfugaji anayekata matawi mabichi ili awarushie mbuzi akidhani amewapa lishe ile ile anajisumbua bure, na miiba mirefu ya matawi hayo huchoma kwato.

MENO HUHARIBIKAJE?

Wafugaji wa Ng'ambo na vijiji jirani vya ufuo wa Ziwa Baringo wameeleza jambo moja kwa miaka mingi: nyama ya ganda hunata kwenye meno na katikati ya meno, hukaa hapo, na baada ya muda ufizi huvimba, meno hulegea na kung'oka. Watafiti waliofika huko katika miaka ya 2000 kuchunguza athari za mathenge waliandika malalamiko hayo hayo.

Si jambo la kushangaza. Sukari ikikaa kwenye meno huyaoza, awe mtoto wa shule au mbuzi. Mbuzi anayeokota maganda kutwa nzima, siku baada ya siku, kwa miezi mitatu ya kiangazi, hana nafasi ya kusafisha kinywa kwa nyasi ngumu kama ilivyo kawaida yake. Isitoshe, kila mara anajaribu kuponda mbegu ambazo ni ngumu kama changarawe.

Ikumbukwe kwamba mbuzi hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Ana manane tu ya chini, ambayo hukutana na ufizi mgumu wa juu anapokata majani. Akipoteza mawili au matatu kati ya hayo manane, kukata nyasi fupi kunakuwa kazi kubwa. Akipoteza magego, hawezi kucheua sawasawa.

Hata hivyo, si kila mbuzi kibogoyo ni wa kusingiziwa mathenge. Mbuzi wa umri wa miaka saba au minane huanza kupoteza meno hata kama hajawahi kuuona mti huo. Na mbuzi anayekonda huku meno yake yakiwa mazima pengine ana minyoo. Mfugaji afungue kinywa kwanza kabla ya kulaumu.

Dalili za kuangalia ni hizi: mbuzi anadondosha chakula anapotafuna, shavu moja linabaki limevimba kwa sababu amekusanya chakula asichoweza kukisaga, mate yanatiririka, kinywa kinanuka, na anakonda wakati wenzake wana afya. Kuangalia vinywa vya kundi zima mara moja kwa mwezi wakati wa msimu wa maganda huchukua asubuhi moja tu.

Jino likishang'oka halirudi. Anayebaki nalo pengo asaidiwe kwa majani laini yaliyokatwakatwa na unga uliolowekwa, au auzwe mapema akiwa bado na nyama.

USO UNAOPINDA

Kuna madhara mengine makubwa kuliko meno, ingawa hayazungumzwi sana katika malisho yetu. Kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako mathenge ulipandwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1940, wafugaji wa ng'ombe waliona ugonjwa wa ajabu. Mnyama aliyelishwa maganda kwa muda mrefu alianza kuinamisha kichwa upande mmoja anapotafuna. Taya lililegea, ulimi ukatoka nje, mate yakadondoka, na misuli ya mashavu ikasinyaa mpaka uso ukaonekana umepinda. Waliuita ugonjwa huo kwa lugha yao ya Kireno cara torta, yaani uso uliopinda.

Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya maganda kuna kemikali za jamii ya alkaloidi. Zikiingia mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu, huharibu seli za neva zinazoendesha misuli ya kutafunia. Ng'ombe ndiye anayeathirika kwa urahisi. Mbuzi pia walipata dalili hizo katika majaribio waliyolishwa chakula ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa maganda kwa miezi kadhaa. Kondoo walionekana kustahimili zaidi.

Mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza, ugonjwa huu haumpati mnyama aliyekula maganda wiki moja au mbili. Huja kwa aliyeyafanya chakula chake kikuu kwa miezi mingi. La pili, na hili huwapotosha wengi, kusaga hakuondoi kemikali hizo. Kusaga huvunja mbegu na kupunguza balaa la meno, lakini unga ukilishwa kupita kiasi una madhara yale yale kwa neva. Mfugaji anayemwaga unga wa mathenge mtupu kwenye hori kwa sababu "umesagwa" hajajikinga.

Hakuna dawa ya kurudisha neva iliyokufa. Mnyama akianza kutafuna vibaya, aondolewe kabisa kwenye maganda siku hiyo hiyo na daktari wa mifugo aitwe.

Ng'ombe aliyeshiba maganda peke yake hupata pia shida ya tumbo. Sukari nyingi kwa wakati mmoja huvuruga tumbo la kwanza, ambalo limezoea kuvunda nyasi, na mbegu nzima hurundikana. Mnyama huacha kucheua na kujikunja. Punda hapaswi kabisa kuachiwa rundo la maganda, kwa kuwa msokoto wa tumbo huweza kumuua.

SI MATHENGE PEKE YAKE

Wafugaji wa nchi nyingine wana miti yao ya mabishano. Huko Uingereza, mti wa mwaloni hudondosha kokwa wakati wa majira ya vuli, na kokwa hizo zina tanini nyingi kiasi cha kuharibu figo za ng'ombe na farasi. Katika msitu wa New Forest, wakazi wenye haki ya kulisha msituni huwafungulia nguruwe kila mwaka ili wazile kokwa hizo kabla farasi wadogo na ng'ombe hawajazifikia. Nguruwe hunenepa. Nchini Hispania nyama ya nguruwe waliokulia kokwa za mwaloni ndiyo yenye bei ya juu kuliko zote. Mbuzi naye hustahimili tanini kuliko ng'ombe, ingawa akizila kupita kiasi naye huugua.

Tanini imo pia katika maganda ya mgunga wetu, ambayo wafugaji wa Turkana na Baringo wameyakung'uta kwa fimbo ndefu yenye ndoano na kuwapa mbuzi tangu zama za mababu. Tofauti ni kwamba mgunga wameuzoea. Wanajua ayapate mbuzi gani, lini, na kiasi gani. Mathenge ulifika bila elimu hiyo, na ulifika kwa wingi mno.

KUOKOTA NA KUSAGA

Kazi huanzia chini ya mti. Maganda yanayofaa ni yale ya manjano yaliyoanguka yenyewe au yanayodondoka yakitikiswa. Yaokotwe kila baada ya siku chache kabla mvua au umande havijayaozesha na kabla wadudu hawajayatoboa. Ganda lenye vitundu vidogo vya mviringo limeshaliwa na fukusi na thamani yake imepungua. Lenye ukungu mweusi au kijani litupwe, kwa kuwa kuvu huacha sumu ambayo jua haliiondoi.

Yatandazwe juani kwenye turubai au jukwaa lililoinuka, si mchangani. Kukauka ndiyo siri ya kazi yote. Ganda lenye unyevu kidogo tu, kwa sababu ya sukari yake, hugeuka kuwa kama gundi ndani ya mashine na kuziba chekecheo. Kipimo chake ni rahisi: livunjwe kwa mikono. Likipinda bila kukatika, lirudi juani. Likilia "ka!" na kuvunjika, liko tayari. Wanaosaga hupendelea saa za adhuhuri, jua likiwa kali, na wengine huchanganya maganda na pumba kavu au mabua ya mahindi yaliyokaushwa ili mashine isinate.

Mashine ya kawaida ya posho yenye nyundo inatosha. Kinachotakiwa ni chekecheo lenye matundu madogo kuliko mbegu, ili hakuna mbegu itakayopita nzima. Mfugaji achote unga mkononi na kuupekua. Akikuta mbegu nzima, unga huo haujawa lishe kamili bado na ni chanzo cha mathenge shambani mwake. Usagwe tena. Mashine inayosaga pia unga wa ugali isafishwe kabla na baada, vinginevyo mwenye mashine atapoteza wateja.

Kutwanga kwa kinu huweza kumsaidia mwenye mbuzi watatu au wanne, lakini mbegu nyingi hubaki nzima.

KIASI GANI KINATOSHA?

Yapata mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na KEFRI waliwajaribu mbuzi wa Galla walioachishwa kunyonya, wenye umri wa miezi sita hivi na uzito wa kilo 11 hadi 14. Wote walilishwa nyasi kavu. Kundi moja halikupewa kitu kingine. Mengine matatu yaliongezewa unga wa maganda ya mathenge: gramu 100, gramu 200 na gramu 400 kwa kila mbuzi kwa siku. Jaribio lilichukua siku 70.

Mbuzi waliokula nyasi kavu peke yake walipungua uzito. Waliopewa gramu 100 waliongeza kilo 2.7. Waliopewa gramu 200 waliongeza karibu kilo nne, na ndio waliofanya vizuri kuliko wote. Yaani kuongeza unga hadi gramu 400 hakukuleta faida zaidi. Ulikuwa ni unga uliopotea.

Gramu 200 kwa mbuzi wa kilo 12 ni chini kidogo ya asilimia mbili ya uzito wake, na hicho ndicho kipimo anachoweza kukitumia mfugaji. Tofauti kati ya kundi la kwanza na la tatu ndiyo tofauti kati ya kuuza mbuzi kiangazi kikiisha na kumzika kabla hakijaisha.

Tufanye hesabu. Mfugaji mwenye mbuzi wachanga 10 wa kiasi hicho atahitaji kilo mbili za unga kwa siku. Kwa siku 70 ni kilo 140. Familia inayoishi katikati ya mathenge inaweza kuokota maganda ya unga huo bila kulipa senti, ila ada ya kusaga na mafuta ya pikipiki ya kufikisha mzigo mashineni. Ajumlishe gharama hizo, agawanye kwa kilo, kisha alinganishe na bei ya pumba za ngano dukani wiki hiyo. Ikiwa unga wa mathenge umemgharimu zaidi, anunue pumba.

Kwa anayechanganya chakula chote nyumbani, kanuni rahisi ni hii: katika kila kilo 10 za chakula kikavu anachokula mnyama kwa siku, nyasi zikiwemo, unga wa mathenge usizidi kilo mbili. Kanuni hiyo iwe pia kwa ng'ombe, na kwake isivunjwe hata siku za dhiki. Kilichobaki kiwe nyasi kavu, mabua au majani mengine yenye nyuzi, pamoja na chumvi ya mifugo na maji. Aanze kidogo kidogo, kwa wiki moja au mbili, ili tumbo lizoee.

Kuku wanaweza kuchanganyiwa kidogo, lakini tumbo lao halimudu nyuzi nyingi za ganda. Mwenye kuku wa kuuza asiufanye unga huu kuwa msingi wa chakula chao.

MBUZI ANAYECHUNGWA NJE

Haya yote ni rahisi kwa mbuzi wa kufungiwa. Kwa kundi linalochungwa kwenye vichaka vya mathenge, hakuna mchungaji anayeweza kusimama kati ya mbuzi 60 na ganda tamu. Lakini kuna anayoweza kufanya.

Aanze siku kwa kuwapeleka penye nyasi au vichaka vingine, ili wafike kwenye mathenge wakiwa wameshiba nusu. Maganda yaliyo karibu na boma yaokotwe mapema. Hilo huwanyima mbuzi ganda zima na wakati huo huo huleta malighafi ya unga. Watoto wa mbuzi na mitamba ya kurithi kundi wawekwe mbali zaidi na vichaka hivyo, kwa kuwa hao ndio wenye miaka mingi ya kuhitaji meno.

Anayehamisha mifugo kutoka eneo la mathenge kwenda lisilo nao awafungie kwanza kwa wiki moja akiwalisha nyasi, mpaka mbegu zilizo tumboni zitoke. Kinyesi hicho kichomwe au kirundikwe mahali pamoja ambapo miche itaonekana na kung'olewa ikiwa bado michanga. Mche wa mwezi mmoja hung'oka kwa mkono. Wa miaka miwili huhitaji jembe, panga na siku nzima ya kazi, na ukikatwa bila kung'olewa shina huchipuka upya.

KWA WAFANYABIASHARA

Mnunuzi wa mbuzi katika soko la Marigat au kwenye mnada wa Kimalel hufungua kinywa cha mbuzi kabla hajataja bei. Meno mawili makubwa humwambia mbuzi ana mwaka mmoja na zaidi kidogo, manne humwambia miaka miwili hivi, manane humwambia amekomaa. Anayetoka eneo la mathenge aongeze hatua moja: apapase mashavu kwa nje kusikia kama kuna donge, na anuse kinywa. Mbuzi wa umri mdogo mwenye mapengo hatanenepeshwa, bali ni wa kuchinjwa mara moja, na bei yake iwe ya namna hiyo. Anayemnunua ili amlishe miezi mitatu na kumuuza Krismasi atakula hasara.

Kwa anayefikiria kuuza unga, eneo la kazi liwe pale pale miti ilipo. Maganda mazima ni mzigo mkubwa usio na uzito, hivyo lori linajaa kabla pesa haijaonekana. Zaidi ya hayo, kila ganda linaloanguka njiani ni mbegu inayopandwa katika kaunti nyingine, na sheria inauhesabu mti huu kuwa gugu hatari tangu 2008. Usagwe Marigat, upakiwe Marigat, utoke Marigat ukiwa unga.

Mnunuzi wa unga naye ana haki ya kuuliza maswali. Aombe afungue gunia lolote atakalochagua mwenyewe, si lile la juu. Unga mzuri una rangi ya hudhurungi isiyokolea na harufu tamu. Apekue kuona kama una mbegu nzima au mchanga, kwa kuwa wapo wanaotandaza maganda ardhini na kuuza udongo kwa bei ya lishe. Aulize pia kama kinachouzwa ni mathenge mtupu au mchanganyiko, ili ajue kipimo chake.

Unga huu hauwekwi stoo kwa muda mrefu kama wa mahindi. Sukari yake huvuta unyevu hewani, hasa mvua zikianza. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na yatumike yale ya zamani kwanza. Ni heri kuhifadhi maganda makavu na kusaga ya wiki mbili tatu kila mara kuliko kusaga yote kwa siku moja. Unga ulioanza kushikamana mabonge mabonge, au wenye harufu ya uchachu, umeingiwa na unyevu. Huo asilishwe mnyama yeyote, hata nguruwe. Umwagwe shimoni na kufukiwa.